Uso unawasha kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya yote, mimi sio daktari. Ni mtu ambaye uso ulimwasha karibu mwaka mzima mpaka nikafikia hatua ya kulala nimevaa soksi mikononi ili nisijikune usingizini, na katika kuhangaika kule nikasoma sana, nikauliza sana, nikapoteza hela kwenye vichupa vingi ambavyo vingine ndo vilikuwa vinanimaliza. Tangu nipone kila mtu anayewashwa anakuja kwangu na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja.

Uso wangu unawasha, shida itakuwa nini?

Swali hili ni kama kumwambia fundi "gari haliwaki" halafu unasubiri jibu. Sababu ni nyingi, ila zinazowapata watu wengi ni chache: ngozi kavu, kitu unachojipaka au kinachokugusa usoni, mba ya uso, pumu ya ngozi (wengine wanaiita ukurutu), na vipele vya kunyoa. Fangasi, mabaka ya mzio na mengine yanafuata nyuma.

Jiulize kwanza unawashwa wapi hasa, maana sehemu inasema mengi. Pembeni mwa pua na kwenye nyusi, waza mba. Kope peke yake, waza vitu vya kucha au vya macho. Mstari wa nywele, nyuma ya masikio na shingoni, waza rangi ya nywele au shampuu. Kuzunguka mdomo, waza tabia ya kulamba midomo, dawa ya meno, au krimu yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, nitaifikia chini). Mashavu yote mawili yanabana baada ya kunawa, hapo ni ukavu au sabuni kali. Hii sio sheria lakini inakupa pa kuanzia kuliko kukimbilia kununua krimu nyingine.

Halafu jiulize kama kuna mtu mwingine nyumbani anawashwa, na kama wewe mwenyewe unawashwa na sehemu nyingine za mwili, hasa usiku. Upele ule unaoambukiza, wa katikati ya vidole na kiunoni, kwa mtu mzima mara nyingi hauendi usoni. Kwa hiyo kama ni uso peke yake, huo upele usiuweke juu kwenye orodha yako.

Mbona uso na sio mguu?

Ngozi ya uso ni nyembamba, na ya kope ndo nyembamba kuliko zote, kama nusu milimita hivi. Kitu ambacho kiganja hakikisikii kabisa, kope inakisikia. Pia hebu hesabu vitu vinavyogusa uso wako kwa siku moja: sabuni, losheni, shampuu inayoteremka ukioga, mafuta ya nywele, vipodozi, manukato, foronya, simu, na mikono yako yenyewe ambayo imeshika kila kitu. Mguu haupitii hayo yote.

Kuna daktari wa Kijerumani, Samuel Hafenreffer, mwaka 1660 aliuelezea muwasho kuwa ni ile hali isiyopendeza inayokufanya utake kujikuna, na mpaka leo madaktari hawajapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Kujikuna kunasaidia kwa sekunde chache kwa sababu maumivu madogo ya kucha yanaufunika muwasho kwenye mishipa ya fahamu, ila ngozi inachubuka, inavimba, inawasha zaidi, unakuna tena. Ndo huo mduara unaowafanya watu wawe na mabaka meusi, ngozi imekuwa nene kama sugu.

Nimetumia hii krimu miaka mitano haijawahi kunifanya kitu, iweje leo?

Hili ndo swali linalobishaniwa kuliko yote na nalielewa, na mimi nilibisha hivyohivyo. Kuna aina mbili za kudhurika na kitu unachojipaka. Ya kwanza ni kuunguzwa tu, kitu ni kikali na kitamchonyota mtu yeyote akizidisha, hii hutokea mapema, ndani ya dakika au masaa. Ya pili ni mzio, ambapo kinga ya mwili inajifunza kukichukia kitu fulani, na huko kujifunza kunaweza kuchukua siku kadhaa au miaka mingi. Kwa hiyo kutumia kitu muda mrefu hakukupi kinga, wakati mwingine ndo kumekupa nafasi ya kukizoea vibaya.

Na mzio wa aina hii haujitokezi palepale. Unapaka leo, uso unaanza kuwasha kesho au keshokutwa, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 72, ndo maana watu wanamsingizia mtu asiyehusika, umekula kitu jana unasema ni chakula kumbe ni rangi ya nywele ya juzi. Wahusika wakuu wanajulikana: manukato, dawa za kuzuia bidhaa isiharibike (moja inaitwa methilaisothiazolinoni na imesumbua watu wengi sana), ile kemikali ya rangi nyeusi za nywele inayofupishwa PPD, nikeli kwenye hereni na fremu za miwani, na gundi za kucha na kope za bandia.

Tena viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kukupigia simu. Chupa ileile, rangi ileile, ila ndani kimeongezwa kitu.

Kope zangu tu ndo zinawasha na kubabuka, na sipaki chochote machoni!

Sasa hapa nakaa kidogo maana hii ni hadithi yangu. Kope ziliniwasha, zikavimba asubuhi, zikabadilika zikawa nyeusi kama nimepigwa ngumi. Nikaacha wanja, nikaacha maskara, nikabadilisha losheni mara tatu, hamna kitu. Daktari wa pili niliyemwona hakuangalia hata kope kwanza, alisema "nionyeshe mikono". Nilikuwa na kucha za jeli. Kumbe kemikali za jeli na za kucha bandia, akrileti, zinasumbua sana watu wanaozitumia, na vidole vyenyewe vinaweza visiwashe kabisa kwa kuwa ngozi ya vidole ni nene, ila unajigusa macho mara kibao kwa siku bila kujijua na kope ndo zinapokea. Rangi ya kucha ya kawaida nayo inaweza kufanya hivyohivyo. Niliziondoa na baada ya wiki tatu hivi kope zilikuwa zangu tena.

Wengine kwao ni shampuu, wengine ni dawa ya macho ya matone wanayotumia kila siku, wengine ni kile kifaa cha kukunjia kope ambacho kina nikeli. Kama ni kwenye shina la kope, kuna magamba kama unga na macho yanachonyota, hiyo ni kingo za kope kuvimba, tiba yake inaanza na kitambaa cha uvuguvugu na kuzisafisha taratibu kila siku. Ila maumivu ndani ya jicho au kuona ukungu sio la kusubiri, nenda.

Nioshe uso na sabuni gani?

Isiyo kali, isiyo na manukato. Ngozi kwa asili ina uchachu kidogo, pH yake iko karibu na 5, sabuni nyingi za mche zinafika 9 mpaka 10. Ukioshea kila asubuhi, mchana na jioni unang'oa mafuta yanayoshikilia maji ndani ya ngozi, inakakamaa, inapasuka vijinyufa usivyoviona kwa macho, vitu vinapenya, unawashwa. Ile hali ya uso "kulia" ukiusugua ambayo tumeaminishwa ndo usafi, hiyo ni dalili kwamba umezidisha.

Mara mbili kwa siku inatosha, na kama uso unawasha sasa hivi basi asubuhi nawa maji matupu. Maji ya vuguvugu, sio moto. Maji ya moto yanatuliza muwasho vizuri sana kwa dakika mbili halafu yanakulipiza. Mikono inatosha, achana na brashi, dodoki na skrabu kwa sasa.

Lakini mimi ngozi yangu ni ya mafuta, inawezaje kuwa kavu?

Inaweza. Mafuta yanayong'aa juu na maji yaliyomo ndani ni vitu viwili tofauti. Wenye uso wa mafuta ndo wanaoongoza kwa kujiosha na vitu vikali, kwa hiyo unakuta mtu uso unang'aa na papo hapo unabana na kuwasha. Na pia huenda sio ukavu kabisa bali ni mba, soma chini.

Pembeni mwa pua na kwenye nyusi kunatoka vigamba na kunawasha

Karibu kwenye mba ya uso. Ni ndugu mmoja na mba ya kichwani, inapenda sehemu zenye mafuta: mikunjo ya pua, nyusi, katikati ya nyusi, kwenye ndevu, masikioni. Inahusiana na fangasi mdogo anaitwa Malassezia ambaye anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, sio uchafu na huambukizi mtu. Kwa wengine tu ngozi inakasirika naye.

Kosa kubwa hapa ni kuona magamba ukasema ni ukavu, ukapaka mafuta mazito, ya zeituni kwa mfano. Huyu fangasi anakula mafuta! Unamlisha. Kinachosaidia ni krimu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, kwa wiki kadhaa, au shampuu ya mba unaipaka kwenye nyusi na pua, unaiacha dakika tatu mpaka tano, unasuuza vizuri, isiingie machoni. Na kichwa kitibiwe pia, maana kama kichwani kuna mba na unatibu uso peke yake ni kazi bure. Itarudi, nakwambia mapema usije ukakata tamaa, hasa ukichoka au ukiwa na mawazo, watu wengi wanaendelea na hiyo shampuu mara moja kwa wiki kuizuia.

Mba kali sana iliyoanza ghafla na haisikii dawa, pima afya yako kwa ujumla, pamoja na VVU, kwa sababu kinga ikishuka hii kitu inachachamaa.

Chunusi zangu zinawasha, ni kawaida?

Chunusi huuma zaidi kuliko kuwasha. Vipele vidogodogo vya saizi moja, vingi, vimejazana kwenye paji la uso au mstari wa nywele, vinawasha ukitoka jasho, na dawa za chunusi hazivigusi au ndo vinaongezeka, hapo inawezekana ni huyohuyo fangasi ameingia kwenye vinyweleo. Dawa ni ya fangasi, na ukimwaga antibiotiki kwa miezi unaweza kumpa nafasi azaliane vizuri.

Kuna krimu rafiki yangu alinipa, muwasho uliisha siku mbili tu. Niendelee nayo?

Soma maandishi madogo kwenye tyubu. Ukiona betamethazoni, klobetasoli au mometazoni, hizo ni steroidi, na nyingine zina nguvu sana. Kuna zile tyubu zinazochanganya vitatu kwa pamoja, steroidi na dawa ya fangasi na antibiotiki, watu wanazipenda maana "zinatibu kila kitu". Ndo hizo zinazoharibu nyuso.

Steroidi sio sumu, tuelewane. Ikiandikwa na daktari, kwa ugonjwa unaojulikana, kwa siku zinazojulikana, ni dawa nzuri sana. Ile dhaifu, haidrokotizoni ya asilimia 1, mtu mzima anaweza kuipaka kidogo usoni siku chache, tano mpaka saba hivi, na sio kwenye kope bila kuambiwa na daktari. Shida ni ile kali, kila siku, mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinatokeza, vinyweleo vinaota, vipele vidogo vinazunguka mdomo na pua, na siku ukiacha uso unalipuka, unawaka, unawasha kuliko mwanzo, kwa hiyo unarudi kwenye tyubu kwa mbio. Ukipaka karibu na macho muda mrefu kuna hatari ya presha ya macho na mtoto wa jicho. Na kama kumbe ulikuwa na fangasi wa kawaida wa mviringo, steroidi inamficha, mabaka yanapoteza umbo lake na hata daktari anaweza asimtambue kwa macho.

Kama umeshaitumia miezi, usione aibu, nenda kwa daktari na hiyo tyubu mkononi akuelekeze namna ya kuiacha. Nimeona watu wanaacha wenyewe, siku ya nne wanalia, wanarudia, na hapo hawajui kwamba kule kuwaka ni kwa kuacha na kunapita, japo kunaweza kuchukua wiki au miezi.

Krimu za kung'arisha ngozi ziko humuhumu. Nyingi zina steroidi isiyoandikwa popote, nyingine zina zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kuzidi miligramu moja kwa kilo, lakini bado vinaonekana madukani, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inaenda mpaka kwenye figo. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, au iliyopakiwa kwenye kikopo kisicho na jina, usiiweke usoni hata kama aliyekupa ni mama yako mzazi.

Ni saa saba usiku nawashwa siwezi kulala, nifanye nini SASA HIVI?

Loweka kitambaa safi kwenye maji baridi, kamua, weka usoni kama dakika kumi. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, inaunguza nayo. Ngozi ikiwa bado ina unyevu paka mafuta mgando ya kawaida yasiyo na harufu, tabaka jembamba. Kama una mba au vipele vya fangasi usipake mafuta mgando, ishia kwenye kitambaa cha baridi. Mkono ukienda wenyewe kujikuna, bonyeza kwa kiganja au gongagonga taratibu kwa vidole, inasaidia kuliko unavyofikiri. Kata kucha.

Vidonge vya mzio inategemea. Mabaka yaliyovimba yanayotokea na kupotea, kila baka likiondoka ndani ya saa 24, hapo setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, zinafanya kazi vizuri. Kwa ukavu au pumu ya ngozi hazisaidii sana, ila ile ya zamani, klofeniramini, inakuletea usingizi na ndo faida yake hasa, usiendeshe gari umeinywa. Mjamzito, mwenye shida ya figo au anayetumia dawa nyingine aulize kwanza.

Limau? Dawa ya meno? Magadi? Kitunguu saumu?

Hapana, hapana, hapana na hapana. Limau ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza mpaka malengelenge na madoa ya miezi, kitunguu saumu kinaunguza chenyewe bila hata jua, magadi yanaharibu ule uchachu wa ngozi, na dawa ya meno sijui nani aliianzisha. Mafuta ya mti wa chai nayo, ya asili ndio, na ni kati ya vitu vinavyowapa watu mzio. Asili haimaanishi haikudhuru.

Basi nipake nini?

Kidogo. Kwa wiki mbili mpaka nne uso wako ule "chakula cha mgonjwa": kisafishio kimoja laini, kilainishi kimoja kisicho na manukato, na cha kuzuia jua ukitoka. Basi. Tafuta kilainishi chenye gliserini au seramaidi (aina ya mafuta yaliyomo kwenye ngozi yenyewe), kipake ndani ya dakika kama tatu baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na majimaji. Krimu ni bora kuliko losheni kwa ngozi kavu, losheni ina maji mengi zaidi. Cha kuzuia jua, chenye zinki oksaidi au titani dayoksaidi hakichonyoti sana kama vingine.

Ujanja mmoja wa kwenye lebo: "haina harufu" na "haijawekwa manukato" ni vitu viwili. Kuna bidhaa zinawekewa manukato ya kufunika harufu nyingine, ukinusa husikii kitu, ngozi inasikia. Soma orodha, usiamini mbele ya chupa.

Retinoli imeanza kunichoma na kuwasha, inamaanisha inafanya kazi?

Retinoli ni aina ya vitamini A ya kupaka. Wiki za mwanzo kukauka na kubabuka kidogo ni kawaida, punguza iwe usiku mmoja ukiruka miwili, paka kilainishi kwanza. Lakini uso uliovimba, unaowasha mfululizo, wenye malengelenge, huo umekataa. Kwa benzoili peroksaidi, ile dawa ya chunusi, anza na asilimia 2.5, inakaribiana na ile ya 10 kwa matokeo na haichomi sana. Na usianze retinoli, asidi, vitamini C na skrabu zote ndani ya wiki moja halafu ukashangaa.

Daktari ananiuliza kama ngozi imekuwa nyekundu, mimi ngozi yangu ni nyeusi, naona wapi huo wekundu?

Swali zuri na picha nyingi za kwenye vitabu zimetuangusha hapa. Kwenye ngozi nyeusi kuvimba kunaonekana kama rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, wakati mwingine hakuonekani kabisa, unakihisi: pana joto, pamekuwa na vinundu vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, pamekaza. Mba ya uso inaweza kujitokeza kama mabaka meupe-meupe pembeni mwa pua na watu wanadhani ni utapiamlo au fangasi wa kawaida. Na kila ukikuna unaacha doa jeusi linalokaa miezi. Hayo madoa yanafifia yenyewe ukizuia muwasho, ukiyakimbiza na krimu za kung'arisha unarudi kulekule kwenye zebaki.

Ndevu zikianza kuota baada ya kunyoa uso unawaka moto

Nywele zilizojikunja zikikatwa chini sana zinarudi kuingia ndani ya ngozi. Usinyoe karibu sana, tumia mashine ya kuacha ndevu zenye urefu wa milimita moja hivi, lainisha kwa maji ya vuguvugu kwanza, fuata nywele zinavyolala, usivute ngozi, wembe mkali na msafi, na ile losheni ya spiriti ya baada ya kunyoa achana nayo. Anayeweza kufuga, afuge. Kweli kabisa, mwezi mmoja bila wembe unamaliza shida kwa wengi.

Nimesikia kuna vidudu vinaishi usoni

Vipo, demodeksi, urefu wake kama milimita 0.3, vinakaa kwenye vinyweleo vya watu wazima karibu wote. Mara nyingi havina tatizo. Vikizidi vinahusishwa na muwasho wa kope na ule ugonjwa wa mashavu kuwaka na kuiva, rosasea. Usiende kuogea dawa ya wadudu.

Mtoto wangu mdogo anasugua mashavu kwenye shuka mpaka yanatoa damu

Pumu ya ngozi kwa watoto mara nyingi huanza mashavuni, miezi ya mwanzo tu, na mate yanaichochea. Mpake mafuta mgando mashavuni kabla ya kula na kulala, muogeshe muda mfupi, acha kabisa poda na mafuta ya manukato ya watoto, harufu nzuri ni ya kumfurahisha mzazi. Asipakwe krimu ya mtu mzima. Ngozi ikianza kutoa maji na kufanya ukoko wa njano, ameingiwa na bakteria, apelekwe.

Si itakuwa chakula?

Inawezekana ila ni mara chache kuliko tunavyodhani. Mzio wa chakula kwa kawaida unajionyesha ndani ya dakika chache mpaka masaa mawili, midomo inavimba, mabaka yanatokea. Uso mkavu unaowasha kwa miezi, kuacha vyakula kumi kwa kubahatisha kutakukondesha tu.

Sina kipele hata kimoja ila nawashwa

Mara nyingi ni ukavu ambao hauonekani. Mawazo na kukosa usingizi vinaongeza, na hii haimaanishi unajitungia. Kama muwasho umeenea mwili mzima na umepita wiki sita, madaktari wanauita sugu na huwa wanapima damu: figo, ini, tezi ya shingo, madini ya chuma. Baadhi ya dawa za maumivu makali pia zinawasha uso, hasa pua. Na kama ni upande mmoja tu wa uso, panachoma, panachonyota kama umeme, siku mbili tatu baadaye vilengelenge, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72. Vilengelenge vikiwa kwenye ncha ya pua au karibu na jicho nenda siku hiyohiyo, jicho liko hatarini.

Lini niache kujitibu niende hospitali?

Saa hiyohiyo: ulimi, midomo au koo vinavimba, unapumua kwa shida, unasikia kizunguzungu. Siku hiyohiyo: jicho linauma au huoni vizuri, uso umevimba, una moto na una homa. Wiki hii: hujalala kwa muwasho, unatoka usaha, au umefanya yote ya juu wiki mbili hakuna kilichobadilika.

Ukienda usijipambe. Nenda na uso mtupu na mfuko wenye kila kitu unachojipaka, hadi shampuu na rangi ya kucha, na picha ulizopiga siku ilipokuwa mbaya, maana ngozi ina tabia ya kutulia ikimwona daktari. Anaweza kukwangua kidogo aangalie fangasi kwenye darubini, au akufanyie kipimo cha viraka: vinabandikwa mgongoni vyenye kemikali mbalimbali, vinakaa saa 48, vinatolewa, halafu unarudi tena siku ya tatu au ya nne kusomwa. Ni usumbufu, huruhusiwi kulowesha mgongo, ila kwangu ndo kipimo kilichotaja akrileti kwa jina.

Nimepona, narudishaje vitu vyangu?

Kimoja kimoja. Kipake kwanza upande wa ndani wa kiwiko, pale mkono unapokunjika, mara mbili kwa siku kwa siku saba mpaka kumi, sehemu ileile. (Vile vya kusuuza, kama shampuu, viache dakika chache tu kisha suuza.) Pakikaa kimya peleka usoni, subiri wiki mbili ndo uongeze cha pili. Najua inachukua muda sana, ila ukivirudisha vitano kwa mpigo na uso ukawasha tena hutajua ni kipi, utaanza upya. Mimi vilivyorudi kwenye kabati ni vinne. Vingine niligawa, isipokuwa jeli ya kucha, hiyo niliitupa maana sikuona nani nimpe.